Uzi: Kwa nini Home Alone ya 1990 bado inawachekesha watoto wetu? Tuichambue rangi, sauti na uigizaji

#1 Fundi_wa_Kuhariri

Wakuu, habari za jioni.

Nahariri video za vichekesho hapa Morogoro, zile za dakika tano hadi kumi: mama mkwe, bosi bahili, kijana aliyerudi kijijini na lafudhi ya mjini. Kazi hii naipenda kwa moyo wote. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Video zetu zinachekesha mara moja. Mtu akirudia mara ya pili, uso hausogei.

Desemba iliyopita mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, aliangalia Home Alone kwangu mara nne ndani ya wiki moja. Kiingereza hajui. Tafsiri hakukuwa nayo. Alicheka palepale kila mara, na mara ya nne alikuwa ameshaanza kucheka kabla tukio halijafika. Mara ya tano nikakaa naye na daftari.

Kwa wasioikumbuka: mtoto wa miaka minane, Kevin, anasahaulika nyumbani familia inapokimbilia ndege kwenda Paris kwa Krismasi. Wezi wawili wanaitaka nyumba ile, na yeye anaitega mitego. Mwandishi ni John Hughes, mwongozaji Chris Columbus. Iligharimu kama dola milioni 18 na ikaingiza zaidi ya milioni 470 duniani.

Mimi mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, miaka ya tisini, kwenye benchi la mbao, televisheni moja kwa watu sitini, na mtu wa kutafsiri akizungumza juu ya kila kitu. Nilicheka sana siku ile. Ila sasa ndiyo naona kwamba sikuwahi kuisikia, na rangi zake sikuwahi kuziona, maana televisheni yenyewe ilikuwa imeelemea kijani.

Nianze na rangi, kwa sababu hapo ndipo daftari lilijaa haraka. Zima sauti, angalia nyumba tu. Kila kona kuna nyekundu na kijani. Karatasi za ukutani, mapazia, mashuka, vyombo vya jikoni, sweta la mtoto. Nyumba nzima ni kama mti wa Krismasi uliotandazwa chini. Na hiyo haikuja kwa bahati. Nyumba inayoonekana kwa nje ni ya kweli, ipo Winnetka, kitongoji cha Chicago, lakini sehemu kubwa ya ndani ni seti iliyojengwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule iliyokuwa haitumiki. Maana yake mbunifu wa mandhari, John Muto, aliichagua kila karatasi na kila kitambaa. Mpiga picha, Julio Macat, akavimwagia mwanga wa rangi ya asali.

Kisha mlango ukifunguliwa, nje ni buluu. Baridi tupu. Wezi wanatoka kwenye hiyo buluu wakiwa na makoti ya giza. Wakiingia ndani nyumba inawapaka: lami, manyoya, masizi, moto kichwani. Mtoto wa miaka sita haambiwi na mtu kwamba ndani ni salama na nje ni hatari. Macho yake yameshajua.

Swali langu kwenu: je, ni rangi kweli inayobeba kicheko, au naona vitu visivyokuwepo? Na sauti je? Waigizaji je? Mwenye nondo ashushe.

#2 Mpita_Njia_88

Naweka kambi hapa. Kuna lile jiko la chini, lile lililokuwa linanitisha utotoni.

#3 Mama_Wawili

Mleta mada, asante sana kwa kuuliza hili.

Hilo jiko alilosema ndugu hapo juu ni tanuru la kupashia nyumba joto, na mwanangu wa kwanza alikuwa anajificha nyuma ya kochi likianza kuunguruma. Angalia lilivyopigwa picha. Chumba cha chini kina giza la kijivu, halafu mlango wa tanuru unafunguka na ndani kuna rangi ya machungwa inayowaka kama mdomo, na linamwita jina lake. Baadaye, Kevin akishazoea kuwa peke yake, anarudi kule chini kufua nguo. Tanuru linaanza tena, naye analiambia linyamaze, linanyamaza. Mwanangu aliporuka kwa furaha pale nilielewa kwamba filamu ilikuwa imemtisha ili aje kushinda.

Mimi si mtaalamu, ni mzazi tu. Lakini nina swali. Nikipaka sebule yangu nyekundu na kijani, wageni watadhani ni duka la nguo. Kwa nini pale haichoshi macho?

#4 Fundi_wa_Kuhariri

Dada, swali lako limenirudisha kwenye skrini mara mbili leo.

Nilichokiona ni hiki. Nyekundu yao imekolea, inakaribia rangi ya damu ya mzee, na kijani chao ni cha majani yaliyokomaa. Hakuna inayopiga kelele. Halafu katikati wameweka rangi za kupumzikia, mbao za kahawia, krimu, dhahabu ya taa. Sisi tukisema "video iwe na rangi" tunavuta kitufe cha kukoleza mpaka ngozi ya mwigizaji inakuwa chungwa. Nimefanya hivyo kwa miaka mitatu.

Na kuna kitu kingine. Ndani ya nyumba ile kuna kitu kisicho na rangi kabisa: ile filamu ya majambazi ambayo Kevin anaitazama kwenye video. Nyeusi na nyeupe. Ilitengenezwa kwa ajili ya Home Alone yenyewe, ingawa wengi wanadhani ni filamu ya zamani ya kweli. Katikati ya nyumba ile yenye joto, kile kipande kinaonekana kigumu, cha watu wazima, kitu ambacho mtoto alikatazwa. Ukitoa rangi tu, umeshabadilisha dunia.

#5 Mzaramo_wa_Illinois

Salaam kutoka ughaibuni. Naishi jimbo hilohilo, mwaka wa tisa sasa, na nataka kusema jambo kuhusu ile buluu, kwa sababu nilipokuwa Temeke nilidhani ni ujanja wa kamera.

Chicago mwezi Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni. Watoto wanatoka shule, kunaanza kuwa giza. Theluji ikiwa chini, kwenye ile nusu saa baada ya jua kuzama, kila kitu kinageuka buluu kweli: barabara, paa, hata mikono yako. Halafu unaona madirisha ya watu, taa za njano ndani, na moyo unakuuma kama una watu wako mbali. Mwaka wa kwanza nilikuwa natembea kutoka kituo cha basi nikiangalia madirisha ya wenzangu.

Kuna kipande ambapo Kevin anatembea peke yake usiku, anasimama nje ya nyumba ya watu na kuchungulia dirishani. Ndani kuna familia, kuna wageni, kuna vicheko. Yeye yupo kwenye buluu, wao wapo kwenye dhahabu. Hachekeshi pale, na wala hawakumtaka achekeshe. Mimi nililia, mtu mzima mwenye ndevu. Kwa hiyo mleta mada, huoni vitu visivyokuwepo. Walichukua mwanga wa pale walipo wakaufanyia kazi.

Sisi mwanga wetu upo. Saa kumi na mbili jioni, Magharibi inaadhiniwa, vumbi limetulia, mama anawasha jiko la mkaa. Sijaona kichekesho chetu kinachoutumia.

#6 Kinanda_cha_Tanga

Nafundisha kwaya na kupiga kinanda, kwa hiyo nitakaa kwenye sauti.

Muziki ni wa John Williams, yuleyule wa Jaws na Star Wars. Jiulizeni kwa nini mtu wa papa na vita vya anga aliitwa kwenye filamu ya mtoto na makopo ya rangi. Jibu lipo kwenye matokeo: alipendekezwa Oscar mbili kwa kazi hii, moja ya muziki wa filamu na nyingine ya wimbo, Somewhere in My Memory, maneno yake yameandikwa na Leslie Bricusse.

Sikilizeni anavyofanya. Hachekeshi kwa ala. Hakuna tarumbeta inayocheka mtu akianguka. Muziki wake unaamini kila kitu. Familia ilipochelewa kuamka na kukimbizana na masanduku, ala zinakwenda mbio kwa mtindo wa ngoma ya Kirusi, anafuata nyayo za Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi, kwenye Nutcracker, mchezo wa dansi wa Krismasi. Kwa masikio ya Wamarekani hiyo ni sauti ya Krismasi, kwa hiyo fujo inakuwa sherehe. Wezi wakitokea, ala nzito za chini zinanyata. Mtoto akiwa peke yake, kengele ndogo ndogo na sauti za watoto wa kwaya.

Halafu kanisani. Hapa naomba mnivumilie. Kevin anaingia kanisani jioni ya mkesha, kwaya ya watoto inafanya mazoezi. Mzee Marley, jirani ambaye watoto wote wanamwogopa, anakuja kukaa karibu yake na kumweleza kwamba amegombana na mwanawe na hawaongei. Mjukuu wake yumo kwenye kwaya ile. Yaani mazungumzo yote yanafanyika huku wakimsikia, na muziki ule unatoka palepale ndani ya kanisa, sio juu ya picha. Hakuna mahali pa kujificha. Mtoto na mzee wanapeana ushauri kuhusu woga wao.

Mara saa inafika, Kevin anakimbia kurudi nyumbani, na kwaya inaingia na Carol of the Bells. Wimbo huo asili yake ni Ukraine, uliandaliwa na Mykola Leontovych, na umejengwa kwa noti nne tu zinazorudiarudia. Ni noti nne, lakini kila zikirudi sauti nyingine inaongezeka juu, mpaka unahisi moyo unapanda shingoni. Mtoto anakwenda vitani! Kwaya yangu tuliuimba mwaka juzi, na besi wangu mmoja, seremala, aliniambia kila akiuimba anasikia kama kuna mtu anakuja.

Baada ya utukufu ule ndipo mwizi anakanyaga msumari. Mngeweka muziki wa kuchekesha tangu kanisani, msumari usingekuwa na kitu.

#7 Kijiwe_Nongwa

Nawaheshimu wote, lakini mimi nakataa. Na nakataa kwa nia njema.

King Majuto, Mungu amrehemu, hakuwa na John Williams. Hakuwa na seti ya nyekundu na kijani. Alikuwa na kanzu, kofia, kiti cha kukunja na uso. Alitoka Tanga, akapanda jukwaani miaka mingi kabla hatujamjua kwenye kanda, na mpaka alipofariki Agosti 2018 angeweza kukaa kimya sekunde tano na ukumbi mzima ukalala chini. Baba yangu alikuwa mgonjwa, haongei na mtu, lakini Majuto akitokea kwenye televisheni alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Nikimkumbuka baba nakumbuka kicheko kile.

Kwa hiyo mkisema kichekesho ni rangi na sauti, mnawavunja moyo vijana wasio na chochote. Kichekesho ni mtu.

#8 Dada_wa_Jukwaani

Kaka Kijiwe, pole kwa mzee wako, na nakuunga mkono zaidi ya unavyodhani. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, Bagamoyo ndiko nilikojifunzia. Tumwangalie Majuto vizuri. Alikuwa anajichekesha? Alikuwa anakukonyeza ujue hapa ni pa kucheka? Hapana. Alikuwa na hasira za kweli, tamaa za kweli, woga wa kweli wa mke. Mchezo wake aliuamini kuliko wewe unayemtazama.

Sasa njoo Home Alone. Mwizi mfupi, Harry, ni Joe Pesci. Mwaka huohuo wa 1990 alitoka kwenye Goodfellas akicheza jambazi linaloua kama linavyopumua, na akachukua Oscar kwa hiyo. Mtu huyo ndiye anayeungua kichwa hapa, na hakubadilisha uzito. Macho ni yale yale. Anamtazama mtoto kama anayekusudia kweli kumdhuru, na kwa kuwa ni filamu ya familia, matusi yake yote yanageuka kuwa mnung'uniko usioeleweka, maneno yaliyopondwapondwa mdomoni. Mtoto wako anasikia hasira yote, lakini tusi halisikii. Hiyo ni kazi ngumu sana ya koo na meno, jaribuni.

Mwenzake, Daniel Stern, ni mrefu, mwili umelegea, kila kitu kinamfikia kwa kuchelewa. Anavuta kamba akidhani ni ya taa kule chini, anainua uso taratibu kutazama juu, na pasi inashuka kupitia tundu la nguo chafu. Ule muda wa kutazama juu ndio kichekesho. Angefumba macho mapema tungekosa yote. Na buibui aliyewekwa usoni mwake alikuwa buibui wa kweli.

Mama je? Catherine O'Hara alikuwa mchekeshaji kabisa, ametoka kwenye vichekesho vya televisheni kule Kanada pamoja na John Candy. Angeweza kutuchekesha kila dakika. Lakini tangu anaposhtuka ndani ya ndege na kuita jina la mwanawe, anacheza mama aliyepoteza mtoto, basi. Anabadilishana hereni na saa yake kwa tiketi. Anapandishwa kwenye gari la wapiga polka, muziki wa dansi wa Ulaya, la John Candy, yule bwana anajitahidi kumfariji kwa hadithi ya ajabu ya kumsahau mwanawe kwenye nyumba ya maiti, na uso wa O'Hara unabaki uso wa mama. Ndiyo maana unacheka huku umeshika kifua.

Kwa hiyo kaka, kichekesho ni mtu, sawa. Na yule mtu anahitaji rangi na sauti zisizomsaliti. Ukimwekea Majuto mlio wa "boing" kila akigeuza shingo, umemziba mdomo.

#9 Kijiwe_Nongwa

Dada, mfano wa mwisho umenigusa. Kuna kanda za mzee zilizopakiwa upya mtandaoni na milio ya kubandika, na mimi huwa nazizima. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

#10 Nakuru_Hadi_Kesho

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Hapa kwetu nimekulia filamu za DJ Afro, ninyi mlikuwa na Lufufu, na jirani zetu Uganda wana VJ Jingo. Msiwaonee hawa watu wa kutafsiri. Walitupatia sauti yetu juu ya picha za wengine, na vichekesho vingine walivizaa wao pale pale kwenye maikrofoni.

Lakini nimekumbuka kitu kinachowahusu. Kevin mwenyewe anafanya kazi ya DJ! Anatumia ile filamu ya majambazi, anaongeza sauti, anasimamisha, anaendeleza, na kijana wa piza aliye mlangoni anasikia mtu akimtishia na milio ya bunduki. Anakimbia. Hajaona kitu, amesikia tu. Baadaye anawarudia wezi kwa kanda ileile, safari hii na fataki ndani ya sufuria. Mwizi aliye nje ya mlango wa jikoni anajitengenezea picha nzima kichwani mwake: nani yuko ndani, nani kauawa.

Mimi nilikuwa naiona kama utundu wa mtoto. Leo baada ya kusoma mchango wa Kinanda nimegundua waandishi walikuwa wanatuonyesha waziwazi sauti inaweza nini. Sisi watazamaji tuko ndani na Kevin, tunaiona televisheni, ndiyo maana tunacheka. Yule wa nje anatetemeka. Sauti ni moja.

#11 Fundi_wa_Kuhariri

Wakuu, nimekaa kimya siku mbili kwa sababu nilikuwa najaribu.

Nilichukua video yetu moja ambayo bado haijatoka. Baba anaficha samaki chini ya kitanda ili wageni wasimkute anakula. Nilikuwa nimeiwekea milio kumi na saba, nimeihesabu. Mlio akifunua sahani, mlio akitazama mlango, kicheko cha kubandika mwishoni. Nikaondoa yote. Nikabakiza hodi ya mgeni, pumzi ya baba, na kijiko kinachogonga sakafu.

Kwenye rangi nikapunguza ukolezaji hadi ngozi yake ikarudi kuwa ngozi. Chumba cha samaki nikakiacha na njano ya taa ya chemli, na uani, alipo mgeni, nikapeleka kwenye buluu kidogo ya alfajiri.

Tatizo moja. Sasa kuna sehemu ya katikati, sekunde nane hivi, imekuwa tupu. Anasubiri mgeni aondoke na hakuna kinachotokea. Mikono inaniwasha kuweka kitu.

#12 Kinanda_cha_Tanga

Usiweke! Je, mwigizaji wako anafanya nini kwenye zile sekunde nane?

#13 Fundi_wa_Kuhariri

Anatafuna. Taratibu sana, mgeni asisikie. Kuna mfupa.

#14 Kinanda_cha_Tanga

Basi rekodi mfupa. Weka maikrofoni karibu na mtu anayetafuna samaki mkavu, usiku, feni imezimwa. Iweke chini kabisa, mtazamaji asogee mwenyewe kuitafuta. Na mgeni uani aache kuongea akiwa katikati ya sentensi, kama amesikia.

#15 Dada_wa_Jukwaani

Na mwambie mwigizaji asicheze mtu anayeficha samaki. Acheze mtu ambaye huyu ndiye samaki wake wa kwanza wiki nzima.

#16 Mama_Wawili

Jana tulimaliza na wanangu ile sehemu ya mwisho, nikawa naangalia kwa macho ya uzi huu. Asubuhi ya Krismasi, theluji nje, buluu imekwisha, kuna nyeupe ya mchana. Mama anaingia, anamwita, mtoto anatokea. Macaulay Culkin, anayemcheza Kevin, hatabasamu. Anamtazama mama yake uso umekaza, kama anayedai kitu. Mama anaomba msamaha. Muziki umeshuka hadi karibu haupo. Ndipo uso wa mtoto unafunguka.

Mwanangu mdogo alikuwa kimya wakati wote huo, amenishika kidole. Familia nzima ikajaa ndani, na kaka mkubwa akapiga kelele kutoka juu kuuliza chumba chake kimefanywa nini, mwanangu akacheka mpaka akadondoka kwenye mkeka.

Fundi, ukishaitoa ile ya samaki tuwekee hapa. Nitamkalisha aiangalie mara mbili.

#17 Fundi_wa_Kuhariri

Ijumaa, dada. Leo usiku narekodi mfupa.